Nguvu, kazi na akiba ya kazi: jibu kwa mzee aliyebeba mti



Mwaka jana, katika parokia yetu, tulikuwa tunapandisha miti ya paa la darasa jipya la katekismo. Fundi alikuwa juu ya ngazi, watoto wa kazi walikuwa wakikata na kupima. Mzee mmoja alisimama chini akibeba begani kichwa cha mti. Kila mti ulipoletwa, yeye aliuinua, akaushika robo saa, mara nyingine nusu saa, bila kuutikisa, hata fundi alipomaliza kupiga misumari. Kama angeuachilia, mtu wa juu angeanguka.

Jioni fratri mmoja wa likizo akasema kwa mchezo: «Katika fizika, mzee huyu hakufanya kazi. Kazi ni nguvu mara njia. Njia ni sifuri, basi kazi ni sifuri.» Watu wakacheka. Lakini kapita hakucheka. Alifungua kitabu chake, akamwandikia mzee nusu siku.

Asubuhi mzee akaja mlangoni pangu. Akasema: «Baba Padri, aliyechoka ni mimi. Hiyo fizika yenu inasema jasho langu lilitoka wapi?»

Mshahara wake ulitengenezwa siku ile ile. Lakini ulizo lake halikuisha kwa mshahara. Maana fratri alikuwa amejifunza vizuri: kanuni aliyoitaja inaandikwa katika kila kitabu cha shule. Na jasho la mzee nalo lilikuwa la kweli, kila mtu aliliona. Kweli mbili haziwezi kupigana. Kama tunaona zinapigana, sherti tutafute pahali tulipochanganya maneno. Ndiyo nia ya maandiko haya.

I. Neno moja kwa vitu vitatu

Katika lugha yetu tunasema: mtu huyu ana nguvu, mafuta yanatia motokari nguvu, maji ya mto yana nguvu, masini hii ina nguvu kupita ile. Neno ni moja tu, lakini mambo si mamoja. Vitabu vya Kifaransa vinayatenga kwa majina matatu: «force», «énergie», «puissance». Jina la nne ni «travail», ndiyo kazi.

Tusione haya kwa sababu hiyo. Wazungu wenyewe walichanganya vile vile siku nyingi. Mwaka 1847 mtaalamu mmoja Mdachi, Hermann von Helmholtz, alitoa kitabu kidogo chenye sifa kubwa juu ya jambo ambalo leo tunaliita kudumu kwa énergie. Katika jina la kitabu kile yeye aliandika «Kraft», maana yake nguvu. Lugha yake ilikuwa bado haijatenga maneno haya, kama lugha yetu.

II. Nguvu («force»)

Nguvu ni kusukuma ao kuvuta. Kipimo chake ni newton. Dunia inavuta kilo moja kwa nguvu ya karibu newton 10 (wataalamu wanasema 9.8, lakini kwa hesabu yetu 10 inatosha). Basi mfuko wa simenti wa kilo 50 unavutwa chini kwa newton 500. Mtu anayetaka kuuinua sherti atie nguvu ya newton 500 kwenda juu.

Sikilizeni vizuri: nguvu inaweza kuwako pasipo kitu kutembea. Meza iliyobeba kitabu inakisukuma juu siku zote. Nguzo ya kanisa inasukuma paa juu miaka mia moja. Mzee wetu, kama mzigo wa begani ulikuwa kilo 30, aliusukuma juu kwa newton 300 wakati wote aliposimama. Nguvu yake haikuwa sifuri hata kidogo.

III. Kazi («travail»)

Mwaka 1829, mjini Paris, mwalimu wa hesabu na masini, Gaspard-Gustave Coriolis, alitoa kitabu juu ya masini, akaweka ndani yake neno «travail» kwa maana ya nguvu mara njia ambayo kitu kimepita kwa kufuata upande wa nguvu ile. Angalieni alitaka kupima nini. Alitaka kujua masini imetimiza nini: imeinua maji kiasi gani, imepandisha mzigo kwa urefu gani. Hakutafuta kupima uchovu wa mtu, wala mshahara wake. Alichukua neno la kila siku, akalikatia maana moja nyembamba.

Kipimo cha kazi ni joule. Ukipandisha mfuko wa simenti, newton 500, kwa metre 3, kazi ni 500 mara 3, ndiyo joule 1,500. Ukiushika juu bila kuutembeza, kazi juu ya mfuko ni sifuri.

Tena kuna jambo linaloshangaza wanafunzi. Mama anatoka shambani na kilo 25 za mihogo kichwani, anapita njia iliyo sawasawa, bila mlima wala bonde. Kichwa chake kinasukuma mzigo juu, lakini mzigo unakwenda mbele, hauendi juu. Nguvu na njia hazifuati upande mmoja. Basi, tukiacha kule kuinuka na kushuka kidogo kwa kila hatua, kazi ya nguvu ile ya kwenda juu ni sifuri, hata kama shamba liko mbali saa mbili. Mwambie mama huyu kwamba hakufanya kazi, uone kama utakula jioni!

Hapo mwalimu asikimbie. Aseme wazi: hesabu inasema mihogo haikupata kitu. Juu ya mwili wa mama hesabu hii haijasema neno lolote.

IV. Ubao na puli

Kisha mwanafunzi atauliza: kama kazi ni ile ile, kwa nini mafundi wanatumia ubao wa mteremko na puli, lile gurudumu dogo la kamba?

Tuweke ubao wa metre 6 unaofika juu metre 3. Tusukume mfuko wetu juu ya ubao kwa burueti nzuri, na tusihesabu uzito wa burueti wala mkwaruzo. Nguvu inayotakiwa inakuwa nusu, newton 250. Lakini njia imekuwa metre 6. Hesabu: 250 mara 6 ni joule 1,500, kama mbele. Puli moja inayopanda pamoja na mzigo inafanya vile vile: unavuta kwa nusu ya nguvu, lakini unavuta metre 6 za kamba ili mfuko upande metre 3. Masini inapunguza nguvu kwa kurefusha njia. Haitoi kazi ya bure. Na kwa kuwa mkwaruzo hauishi, sherti tulipe zaidi kidogo.

Lakini puli ina faida nyingine, ambayo kila mjenzi anaijua. Mtu wa kilo 60 akipanda ngazi na mfuko begani anainua kilo 110, ndiyo joule 3,300. Zaidi ya nusu imekwenda kuinua mwili wake. Akibaki chini na kuvuta kamba, anainua simenti tu. Kapita anayependa watu wake atafunga puli.

V. Akiba ya kazi («énergie»)

Mfuko ulio juu ya ukuta umenyamaza. Lakini kamba ikikatika, utapasua kichwa cha mtu. Zile joule 1,500 hazikupotea: zimewekwa pale juu kama nafaka ghalani. Mfuko ukianguka, zinageuka kuwa mwendo. Ukifika chini, mwendo unageuka kuwa kishindo, kuvunjika, na joto kidogo. Akiba hii ya kazi ndiyo énergie. Wengine wanaandika «nishati». Mimi hapa nasema «akiba ya kazi», kwa sababu jina hili linajieleza lenyewe.

Joto nalo ni akiba. James Prescott Joule, Mwingereza ambaye jamaa yake walikuwa na kiwanda cha pombe karibu na Manchester, alilipima katika miaka ya 1840. Alifunga vizito kwa kamba. Vikishuka, vilizungusha makasia madogo ndani ya chombo cha maji, na maji yakapata joto kidogo sana. Leo tunajua ya kuwa kupasha kilo moja ya maji moto kwa digri moja kunaomba joule 4,180 hivi. Kwa joule hizo ungeinua mfuko wa simenti zaidi ya metre 8! Ndiyo sababu kazi nyingi inaweza kugeuka kuwa joto bila mtu kulitambua.

Na chakula ni akiba vile vile. Gramu 100 za unga wa mahindi zina karibu joule milioni moja na nusu. Mahindi yaliipata kwa jua. Akiba hubadili nguo tu: jua, mahindi, mkono, mfuko juu, joto. Haizaliwi pasipo kitu, wala haiishi kuwa si kitu. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Helmholtz alitaka kuieleza.

VI. Jasho la mzee

Sasa tuna maneno ya kumjibu mzee.

Nguzo inabeba mti bila kula. Kwa nini mtu hawezi? Kwa sababu nyama ya mkono na ya mgongo si nguzo. Imefanywa kwa nyuzi nyembamba sana, na ndani yake vipande vidogo vinavyoshikana, kuvutana, kuachana, kisha kushikana tena. Ni kama watu wengi wanaoshika kamba ya mtumbwi penye maji makali: mmoja anaachilia kidogo, mwingine anapokea. Ukiwa mbali unaona mtumbwi hautembei, lakini ukikaribia unaona hakuna aliyepumzika. Kila mvuto mdogo unakula kipande cha akiba iliyotoka katika chakula. Mti haukupanda, basi akiba ile haikuingia katika mti. Iligeuka kuwa joto ndani ya mwili. Na mwili unaopata joto kupita kiasi unatoa jasho ili upoe.

Basi jasho la mzee lilitoka katika ugali wake wa jana. Fizika haikatai jambo hilo. Fizika ndiyo inayolieleza.

Hata tukipima kazi kwa maana nyembamba, fratri alisahau kitu. Nani aliuinua mti toka chini hata begani? Newton 300 mara metre moja na nusu ni joule 450, kwa kila mti. Hesabu yake ilianza wakati mzee alipokwisha kusimama. Hata mtaalamu anaweza kukosa kwa kuanza kuhesabu nyuma ya wakati.

VII. Uwezo («puissance»)

Neno la mwisho tulipite upesi. Joule 1,500 zinaweza kufanywa kwa segonde 10 ao kwa segonde 30. Kazi ni moja, lakini mbio si moja. Joule moja kwa kila segonde inaitwa watt. Mtu wa kwanza ametoa watt 150, wa pili watt 50. Mtu aliyelala tu anatumia karibu watt 80 kwa kudumisha mwili wake.

Pale Inga, masini za kwanza zilimalizika mwaka 1972, za pili mwaka 1982. Zile za pili, zote zikitembea kwa uwezo wao wote, zinahesabiwa watt milioni 1,424. Akiba yake ni maji yaliyo juu: maji ya kilo 1,000 yakishuka metre 50 yanatoa joule 500,000. Na nani aliyapandisha maji yale? Jua, kwa njia ya mawingu na mvua. Ni akiba ile ile ya ugali wa mzee.

Tukusanye maneno

Nguvu ni kusukuma ao kuvuta: newton. Kazi ni nguvu mara njia kwa upande wake: joule. Énergie ni akiba ya kazi, na inapimwa kwa joule vile vile. Uwezo ni mbio ya kazi: watt.

Kwenu ninyi mtakaofundisha, nasihi moja tu. Neno la shule likifanana na neno la nyumbani, simameni kwanza, mseme: «Hapa neno hili lina maana nyingine.» Msipofanya hivi, mwanafunzi atafikiri masomo ni uongo, ao, mbaya zaidi, atachukua neno la shule na kumpunguzia mtu chakula chake. Fratri yule alikuja mwenyewe kumweleza mzee habari ya nyuzi za nyama na ya ugali. Mzee alisikiliza hata mwisho, akasema: «Basi nguzo haili, mimi nakula. Mwambie kapita maneno hayo.»

Na fratri alikwenda kumwambia.