Serikali Ikificha Sheria, Mwananchi Aulize Nini?

Juma lililopita mzee mmoja anayefuatilia kipindi hiki alinisimamisha kituo cha basi. Baada ya salamu akanitupia swali: "Mwanangu, mtu mwema asiye na la kuficha, serikali ikizijua simu zake anapungukiwa nini?" Basi lilikuwa limekwisha fika, sikuwahi kumjibu sawasawa. Jibu lake nalitoa leo, na nitalitoa kwa kisa cha Marekani, kwa sababu huko ndiko swali hili lilikofika mahakamani na bungeni, na nyaraka zake zikaonekana hadharani.

Tarehe 5 Juni 2013 gazeti la The Guardian la Uingereza lilichapisha amri ya mahakama ambayo mwananchi wa kawaida hakutakiwa kuiona. Amri hiyo iliitaka kampuni ya simu ya Verizon iikabidhi serikali, kila siku, orodha ya simu za wateja wake, zile za ndani ya nchi na zile zilizotoka au kuingia kutoka nje. Mpokeaji alikuwa Shirika la Usalama wa Taifa, linalojulikana kwa kifupi kama NSA. Amri haikumtaja mtuhumiwa hata mmoja. Siku nne baadaye aliyezitoa nyaraka hizo alijitambulisha akiwa Hong Kong. Jina lake ni Edward Snowden, wakati huo kijana wa miaka 29, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akiifanyia NSA kazi kupitia kampuni binafsi.

Serikali ya Marekani ilijitetea kwamba haikusikiliza maneno ya watu. Ilichukua namba tu: nani kampigia nani, saa ngapi na kwa muda gani. Utetezi huo unatuliza mpaka mtu akumbuke enzi zile tulipounganishiwa simu na opereta wa posta. Opereta hakuhitaji kutega sikio ili kuyajua mambo ya mji. Alijua nani anampigia nani usiku wa manane. Alijua nani amepiga hospitali mara tatu asubuhi moja kisha akawapigia ndugu zake wote, na ni mfanyabiashara gani amemtafuta wakili siku moja kabla ya kufunga duka. Sasa mfikirie opereta wa nchi nzima, mwenye daftari linalotunzwa kwa miaka 5 na kompyuta ya kulipekua.

Hapa nataka tuelewane. Kila serikali ina siri zake, na baadhi ni za halali. Hakuna mwenye akili timamu anayedai polisi watangaze redioni nyumba watakayoipekua kesho. Kinachoulizwa ni siri hiyo ni ya nini, na ni nani asiyekuwa mpelelezi mwenyewe anayeikagua. Wamarekani walilijua hilo zamani. Mwaka 1975 kamati ya Baraza la Seneti chini ya Seneta Frank Church ilichunguza idara za upelelezi na kukuta zilikuwa zikiwaandama raia wasio na hatia, akiwemo Mchungaji Martin Luther King. Kutokana na aibu hiyo sheria mpya ilipitishwa mwaka 1978. Tangu hapo mpelelezi akawekewa makufuli matatu: sheria iliyoandikwa, mahakama maalumu ya kutoa vibali, na kamati za Bunge za kumhoji. Yote matatu yalikuwepo mwaka 2013. Tuyaangalie moja moja.

Kufuli la kwanza ni sheria. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Bunge la Marekani lilipitisha sheria waliyoipa jina la Patriot. Kifungu chake cha 215 kiliruhusu serikali kuomba mahakamani kumbukumbu zinazohusiana na uchunguzi wa ugaidi. Kifungu hicho kilichapishwa, na kila raia aliweza kukisoma. Asichoweza kukisoma ni maana kiliyopewa ndani ya milango iliyofungwa. Kuanzia mwaka 2006 mahakama ya siri ilikubali kwamba simu za watu wote "zinahusiana" na uchunguzi, kwa kuwa katikati yake huenda ikapatikana moja inayotafutwa. Ni sawa na askari mwenye hati ya kutafuta mkufu ulioibiwa, akapewa funguo za nyumba zote za mji kwa hoja kwamba lazima mkufu umo katika mojawapo. Maseneta wawili, Ron Wyden na Mark Udall, waliijua tafsiri hiyo. Mwaka 2011 walisimama barazani wakaonya kwamba wananchi wangeshtuka kama wangejua jinsi sheria yao inavyotafsiriwa. Walipoulizwa inatafsiriwaje, hawakuweza kusema, kwani kiapo cha siri kiliwafunga midomo.

Kufuli la pili ni mahakama. Ina majaji 11, wote wakiteuliwa na Jaji Mkuu wa nchi. Sina sababu ya kutilia shaka uadilifu wao. Lakini jaji anayesikiliza upande mmoja tu, faraghani, bila wakili wa kupinga, atajuaje kwamba hoja aliyoletewa ina tundu? Kibali kiliendelea kuongezwa muda, kila baada ya siku 90 hivi. Jambo hilo lilipofika kwenye mahakama ya rufaa ya wazi mjini New York, pande zote mbili zikasikilizwa, majaji walisema tarehe 7 Mei 2015 kwamba kifungu cha 215 hakikuruhusu kamwe ukusanyaji wa namna hiyo. Miaka tisa ilikuwa imepita.

Kufuli la tatu ni Bunge. Tarehe 12 Machi 2013 Seneta Wyden alimuuliza James Clapper, mkurugenzi wa idara zote za upelelezi, hadharani: je, NSA inakusanya taarifa za aina yoyote kuhusu mamilioni ya Wamarekani? Clapper alijibu hapana, si kwa kujua. Swali hilo alikuwa ametumiwa siku moja kabla. Haikutimia miezi mitatu amri ya Verizon ikawa gazetini, na Clapper akaandika barua kukiri kwamba jibu lake lilikuwa la makosa. Aliendelea na kazi yake hadi Januari 2017. Snowden alishtakiwa kwa sheria ya ujasusi ya mwaka 1917, akakimbilia Urusi, na mwaka 2022 akapewa uraia wa huko. Wapo wanaomwita shujaa na wapo wanaomwita msaliti. Wanaomlaumu wana hoja pia, maana nyaraka nyingine alizotoa zilihusu upelelezi wa nchi za nje na hazikugusa haki za raia wa Marekani. Hata hivyo, kumjadili Snowden kusitusahaulishe kwamba bila karatasi zile kesi ya New York isingefika pale ilipofika.

Je, daftari hilo lilileta faida gani? Wakubwa wa upelelezi walizungumzia njama kadhaa zilizozimwa. Bodi rasmi ya serikali inayoangalia haki za faragha ilipewa ruhusa ya kuona nyaraka za siri, na Januari 2014 wengi wa wajumbe wake waliandika kwamba hawakuona hata tukio moja ambalo daftari la simu lilileta tofauti ya maana katika kupambana na ugaidi. Mfano uliotajwa mara nyingi ulikuwa wa dereva wa teksi wa San Diego, mzaliwa wa Somalia, aliyetiwa hatiani mwaka 2013 kwa kuwatumia fedha Al-Shabaab. Septemba 2020 mahakama ya rufaa iliacha hukumu yake isimame, lakini ikasema ukusanyaji ule ulivunja sheria. Majaji walikuwa wamelisoma faili la siri. Wakaandika kwamba ikiwa kauli za maofisa ziliwafanya wananchi waamini daftari lile lilikuwa muhimu katika kesi hiyo, basi faili halisemi hivyo. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kwa miaka yote hiyo kata ilishikwa na mtu yule yule aliyekuwa akiusifia mtungi.

Msikilizaji utaniuliza, sisi yanatuhusu nini? Juni 2015 Wamarekani walibadili sheria na kukomesha ukusanyaji huo wa jumla. Lakini kifungu kingine, cha 702, kilichopitishwa mwaka 2008, kinairuhusu NSA kukusanya mawasiliano ya wageni walio nje ya Marekani bila kibali cha mahakama kwa kila mtu, na Aprili 2024 kiliongezewa muda wa miaka miwili. Ukiwa Dar es Salaam au Mombasa unamwandikia mpwa wako aliyeko Minneapolis, kwa sheria hiyo mgeni ni wewe. Mei 2014 chombo cha habari cha The Intercept kilieleza, kwa kutumia nyaraka za Snowden, kwamba Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo NSA ilikusanya orodha za simu zake za mkononi. Mkenya ana Ibara ya 31 ya Katiba yake, Mtanzania ana Ibara ya 16, zote zikilinda faragha ya mawasiliano. Ibara hizo haziwezi kuifunga NSA. Zinaweza kuzifunga serikali zetu wenyewe, na ni kwetu hapa ambapo tunaweza kuuliza: tafsiri ya sheria imechapishwa? Jaji amesikia upande wa pili? Bunge limeambiwa kweli?

Sasa nimrudie mzee wangu wa kituo cha basi. Shikamoo, mzee. Mnamo Februari 2013, miezi michache kabla ya siri kufichuka, mawakili, waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu waliokuwa wakikipinga kifungu hicho cha 702 walipata hukumu ya Mahakama Kuu kabisa ya Marekani. Walishindwa kwa kura 5 dhidi ya 4. Waliambiwa hawana haki ya kushtaki, kwa sababu hawakuweza kuthibitisha kwamba wao hasa walikuwa wakifuatiliwa. Wangethibitishaje, na orodha ya wanaofuatiliwa ni siri?

Hicho ndicho anachopungukiwa mtu mwema. Leo huenda asidhurike kwa lolote. Siku atakayodhurika kwa makosa, jina lake likifanana na la mwingine au namba yake ikiwa iliwahi kuwa ya mhalifu, hatajua ni nani aliyemkosea, ni kwa sheria gani, wala alalamike wapi. Kuwa na la kuficha au kutokuwa nalo hakutamsaidia siku hiyo. Kitakachomsaidia ni yale makufuli matatu, kama yatakuwa yanafanya kazi.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane juma lijalo, saa kama hii.