Mbwa wa Rafiki Akikuuma

Umemtembelea rafiki, mbwa wake akakuuma mguuni. Mwenyewe anasema, "Huyu hana neno," nawe kwa kuona haya unanyamaza. Usinyamaze! Ugonjwa wa kichaa cha mbwa ukishaonyesha dalili, hauna tiba.

Osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa dakika 15. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni mchubuko tu. Daktari ataamua kuhusu chanjo ya kichaa na sindano ya pepopunda.

Mwombe rafiki cheti cha chanjo ya mbwa. Mbwa asiuawe, afungwe na kuangaliwa kwa siku 10. Lakini usingoje siku hizo ziishe ndipo utibiwe. Rafiki wa kweli hatakasirika.