Leso Haimtaji Mtu

Chukua fleti yoyote ya Ganjoni, Mombasa, ambako mzaliwa wa Mji wa Kale na mpangaji aliyetoka bara wanapanda ngazi moja. Mama wa orofa ya pili ameanika leso yenye jina, yaani msemo uliochapwa juu yake, "Hasidi hana sababu", maandishi yakielekea mlango wa jirani. Mtu wa bara ataona nguo inayokauka. Mzaliwa wa Mombasa ataanza hesabu: jana tulisalimiana vipi? Leso hii kainunua lini? Mbona kaianika leo, na kaianika hapa?

Wa bara asidhaniwe mjinga. Kwa watu wengi, tendo linanihusu pale mtendaji aliponikusudia, na nikiwa na shaka namuuliza. Pwani, swali hilo ndilo mtego. Gonga mlango useme, "Mama, leso ile wanisema mimi?" Utajibiwa kwa upole: "Mie nimefua nguo yangu, mwanangu. Kwani weye ni hasidi?" Hapo umejishuku mwenyewe, na ngazi nzima imesikia.

Rose Marie Beck, mtafiti aliyeyachambua kwa kina maandishi ya leso, aliandika mwaka 2001 kuhusu utata huu na kazi unayofanya. Jina limechapwa kiwandani, likauzwa Biashara Street kwa kila mwenye pesa. Mvaaji hakulitunga, basi hawajibiki nalo. Mzigo wa maana unabaki kwa aliyeguswa. Ndiyo maana siafiki wanaoiita leso barua. Barua ina anwani.

Linganisha na Marekani. Mwaka 1996 Dov Cohen, Richard Nisbett na wenzao walichapisha majaribio ya Chuo Kikuu cha Michigan: wanafunzi wa kiume walipigwa kikumbo koridoni, kisha wakatukanwa. Waliotoka majimbo ya kusini walighadhibika zaidi, hata homoni zao za msongo zikapanda. Wengi wa kaskazini walionekana kuchekeshwa kuliko kukasirishwa. Huko kusini, anayenyamaza hujiona ameshushwa hadhi mbele za watu. Kwa leso mambo ni kinyume: anayefoka papo hapo ndiye aliyeumbuka.

Si kwamba hakuna kulipa. Aliyeguswa hushuka Biashara Street, akapekua rafu mpaka apate jina la kumtosha mwenzake, akajifunga leso hiyo arusini, kimya, tabasamu usoni. Na wenye maduka wanawajua wateja hawa. Anayesoma majina kabla ya kutazama rangi ana haja yake, hapunguziwi bei kirahisi.