Makosa matatu ya Kiingereza yanayotokana na Kiswahili chetu

Umeandika barua ya kuomba kazi, umeirudia mara mbili, tahajia iko sawa. Bado sentensi moja inaweza kukuangusha. Mara nyingi tatizo si maneno, ni namna ya kuunganisha kishazi huru na kishazi tegemezi.

Kishazi huru kinajitosheleza: "I was late." Kishazi tegemezi kinamwacha msomaji akisubiri: "Although I was late..." Ehe, halafu?

Lugha hizi mbili haziungi vishazi kwa njia moja. Angalia hapa tunapojikwaa.

1. "Although" na "but" pamoja

Kwa Kiswahili unaweza kusema "Ingawa nilichelewa, lakini nilimaliza kazi" na wala hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinataka kiunganishi kimoja tu. Andika "Although I was late, I finished the work" au "I was late, but I finished the work."

2. "When you will arrive, call me"

"Utakapofika" imebeba wakati ujao ndani yake, ndiyo maana tunaingiza "will". Lakini Kiingereza hakiiweki kwenye kishazi kinachotaja wakati wa tendo. Sema "When you arrive, call me." Ni vivyo hivyo kwa "after", "before" na "until". Likiwa swali, "When will you arrive?" ni sahihi.

3. "The manager whom I saw him"

Kwenye "meneja niliyemwona", ile -m- inamrejelea meneja. Ukiitafsiri unapata "him" ya ziada. Kwa Kiingereza "whom" imeshafanya kazi hiyo. Andika "The manager whom I saw", au kifupi kabisa, "The manager I saw".

Kabla hujatuma

Tafuta "although", "because", "when" na "who" kwenye barua yako. Soma kishazi kilichoanza na neno hilo peke yake. Kikikuacha unasubiri, hakikisha kimeungwa na kishazi huru ndani ya sentensi hiyo hiyo. "Because I was sick" ukijibu swali kwa mdomo haina shida. Kwenye barua, ukiiwekea nukta hapo, bosi atabaki anajiuliza: ulipoumwa, ikawaje?