Lami Nyembamba, Barabara Nene

Machi 2011 magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi kuelekea kijiji cha Samunge, wilayani Ngorongoro. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, alikuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na wagonjwa walimiminika kutoka kila pembe ya Tanzania na nchi jirani. Waliotokea Arusha kupitia Mto wa Mbu walipita Engaruka na Ngaresero, chini ya mlima Ol Doinyo Lengai, kisha wakaukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwa gia nzito. Njia ilikuwa vumbi, mawe na makorongo. Mvua ikinyesha, tope. Wapo waliokata roho kabla ya kukifikia kikombe.

Sehemu ya njia ile leo ni lami. Kipande cha kilometa 49 kati ya Wasso na njia panda ya Sale kilijengwa na kampuni ya China Wu Yi chini ya usimamizi wa TANROADS, kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 87. Ukipiga hesabu, kila kilometa imemeza karibu bilioni 1.8. Mtu anayeona greda likikwangua udongo mwezi baada ya mwezi, bila tone jeusi kudondoka, huanza kunong'ona kwamba mkandarasi anazuga. Kumbe hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Lami nyepesi, ile ya kumwagwa na kutandazwa kokoto juu yake mara mbili, kwa kawaida haifiki sentimita tatu. Lami nzito, inayochanganywa mtamboni na kokoto kwa joto la nyuzi 150 hivi na kutandazwa ingali moto, kwenye barabara nyingi ni sentimita tano. Uzito wa lori unabebwa na kilicho chini yake. Lami nyepesi hasa ni kama bati la nyumba: halishikilii kuta, linazuia maji.

Chini kabisa upo udongo wa mahali penyewe, na hapo Ngorongoro na jirani yake Karatu zina mambo yake. Kuna udongo mwekundu wa milimani, kuna majivu ya volkano za kale, na kwenye mabonde kuna mfinyanzi mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Huo wa mwisho ni adui wa wazi: barabara ikijengwa juu yake bila kuuondoa au kuufunika kwa tuta la kutosha, hupinda hata kama haijapitiwa na gari.

Ubora wa udongo haupimwi kwa macho. Sampuli hushindiliwa ndani ya kopo la chuma lenye kipenyo cha milimita 152, kisha huzamishwa majini siku nne. Ikitoka humo, pistoni yenye unene mara mbili ya kidole gumba cha mguu wa mtu mzima, yaani milimita 50 hivi, husukumwa polepole ndani yake, milimita moja na robo kwa dakika, huku fundi akisoma nguvu inayohitajika. Jibu huandikwa kwa asilimia, likilinganishwa na kokoto bora za kupondwa. Kipimo hiki kilibuniwa California mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwongozo wa usanifu wa barabara uliotolewa na Wizara ya Ujenzi ya Tanzania mwaka 1999 unatumia lugha yake, namba ikiwa ndiyo hiyo asilimia: changarawe ya G15 ni ya daraja la chini, G45 inafaa msingi wa chini, G80 ni miongoni mwa zinazoruhusiwa kukaa karibu na lami. Zile siku nne za majini ni za makusudi. Udongo mkavu wa Oktoba humdanganya kila mtu.

Kisha hufuata kushindilia. Boza hunyunyiza maji, greda huchanganya, roli hupita na kurudi. Maji yakipungua, changarawe haishikani. Yakizidi, inakuwa uji. Ili kuhakikisha, fundi huchimba kishimo kwenye tabaka lililokamilika, hupima uzito wa udongo aliouchimbua, kisha hukijaza mchanga mkavu ambao uzito wake kwa ujazo unajulikana. Hapo hujua kishimo kina ukubwa gani na tabaka limeshikana kiasi gani. Likipungukiwa, hurudiwa. Ni kazi ndogo, na kwa maoni ya mwandishi huyu ina maana kubwa kuliko sherehe yoyote ya kukata utepe.

Upande wa Ziwa Natron kuna mtihani mwingine. Lengai, iliyolipuka kwa kishindo mwaka 2007 na 2008, hutoa lava yenye magadi, na nchi inayouzunguka mlima ina chumvi hiyo. Unyevu ukipanda kutoka chini huja na chumvi, nayo hugeuka fuwele chini ya lami nyembamba na kuinyanyua kwa malengelenge. Wahandisi wa Botswana walilijua tatizo hili zamani kwenye mbuga zao za chumvi. Ndiyo maana maji ya kushindilia hayachotwi popote tu.

Barabara ikishafunguliwa, maji na mizigo huanza kazi yao. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Anayebeba tani 13 amezidisha mzigo kwa asilimia 30, lakini barabara inaumia karibu mara tatu. Na kama mtaro umeziba, maji hupenya pembeni, msingi unalainika, na lori hilohilo linachimba shimo ndani ya masika moja.

Mwenye nyumba Karatu au Wasso anayetaka kutengeneza njia ya gari kutoka getini hana haja ya mtambo wa lami nzito, lakini kanuni hazibadiliki. Aondoe udongo wa juu wenye mizizi, ajaze changarawe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15, kila moja lishindiliwe likiwa na unyevu. Vitofali vya saruji vya milimita 60 vinatosha gari dogo. Lori la maji au la mchanga likiingia mara kwa mara, 80. Vikae juu ya mchanga mwembamba, na kingo zifungwe kwa zege, la sivyo vitatawanyika. Mteremko wa sentimita mbili au tatu kwa kila mita utayaondoa maji.

Kwenye mwinuko mkali ipo njia ya bei nafuu zaidi. Katika barabara ya majaribio ya Lawate–Kibongoto wilayani Siha, Kilimanjaro, miongoni mwa nyuso zilizojaribiwa zilikuwamo nyayo mbili za zege, moja kwa kila upande wa matairi, katikati pakiachwa bila zege.