KAGERA: Mita 100 za waya zisipuuzwe

BUKOBA: Wafanyabiashara wa Bukoba na Muleba wanaounganisha kompyuta za duka, ofisi na ghala hawana budi kuzingatia vipimo vya waya kabla ya kutoa fedha. Waya uliozidi kipimo hauzimi mtandao mara moja. Huufanya ukatike-katike, na fundi huitwa kila wiki.

Suala hili limepata uzito kadiri biashara inavyohamia kwenye kompyuta. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na mwaka 2024 minada ya kahawa ya Kagera ilitumia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Mkongo wa Taifa umefika Bukoba, lakini kasi yake huishia mlangoni iwapo nyaya za ndani ni mbovu.

HABU NA SWICHI
Vifaa hivi hufanana kwa sura, ila kazi ni tofauti. Habu hupokea ujumbe wa kompyuta moja na kuurusha kwa zote. Kompyuta nane kwenye habu ya megabiti 10 kwa sekunde hugawana megabiti hizo 10. Swichi humpelekea anayehusika peke yake, hivyo kila tundu hupata kasi yake kamili.

Habu zina masharti pia. Kwa kasi ya megabiti 10, kati ya kompyuta mbili zisizidi habu nne. Kwa megabiti 100 zisizidi mbili, waya kati yao usizidi mita 5, na njia nzima mita 205. Swichi hazina masharti hayo. Kwa hiyo habu iliyotumika, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, si nafuu.

KIPIMO
Kwa waya wa shaba, kutoka kifaa kimoja hadi kingine mwisho ni mita 100: mita 90 za waya wa ukutani na 10 za waya fupi za pande mbili. Chukua mfano wa duka lenye ghala mita 160 nyuma yake. Mwenye duka anaweza kuweka swichi katikati, penye umeme wa uhakika, au kutandaza kebo ya nuru.

Kebo ya nuru ina faida nyingine. Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani, na waya wa shaba uliopita nje kati ya majengo mawili unaweza kuleta msukosuko wa umeme hadi kwenye kompyuta. Kebo ya nuru isiyo na chuma haipitishi umeme.

Swichi mbili ziunganishwe kwa waya mmoja tu. Waya wa pili kati ya swichi za bei ndogo hufanya ujumbe uzunguke bila kikomo, na ofisi nzima husimama.

WAKATI WA KUNUNUA
Sanduku la kawaida la waya lina mita 305. Ofisi yenye vituo 12 vya wastani wa mita 25 huhitaji mita 300. Sanduku moja linatosha, ila kwa shida. Mnunuzi akate kipande na kukwangua uzi wa ndani kwa kisu: shaba safi hubaki nyekundu, bali alumini iliyopakwa shaba huonyesha weupe. Hiyo ya pili haikidhi viwango, hata kama sanduku limeandikwa Cat 5e au Cat 6.

Kwa mwenye mtaji mdogo, fedha za kwanza ziende kwenye waya mzuri, kwani hufukiwa ukutani kwa miaka mingi. Swichi hubadilishwa kwa dakika chache. Kubadili waya ni kubomoa ukuta.