Dhania Imetoa Maua Kabla ya Kachumbari? Shida Si Mbegu, Ni Mwezi

Pakiti zingine za mbegu zinakushow upande baada ya jalidi ya mwisho. Msee wa Kaloleni, hiyo si story yako. Jalidi ni ile barafu ya asubuhi inayounguza majani chai Kericho na viazi Kinangop. Kisumu haifiki. Huku tuko karibu mita 1,130 juu ya bahari na adui ni jua.

Dhania ikichomwa na joto inapanic: shina linarefuka, majani yanakuwa membamba, maua yanatoka. Mimi nilipanda Januari nikidhani nimewahi soko. Kufika mwisho wa Februari nilikuwa na maua fiti sana, majani zii. Ganji ikaenda hivyo.

So ngoja mvua ndefu ishike, kuanzia katikati ya Machi, uvune kama Mei hivi. Ukichelewa, rudi Oktoba na mvua fupi. Lakini chunga Aprili, maze. Mvua ya jioni ikishuka inabeba mbegu zote hadi kwa mtaro wa jirani. Tandaza nyasi kavu juu, ama panda kwa debe lililotobolewa chini.

Halafu, ile mbegu ya mviringo kwa ndani ni mbili. Isugue ipasuke, iloweke usiku mmoja. Itaota baada ya wiki moja hadi tatu, usiing'oe kuihamisha. Na panda kidogo kidogo kila wiki mbili, ama leo utakuwa na dhania ya kulisha Kibuye yote, na wiki ijayo unakopa kwa mama mboga.